Shangazi, goti na meli isiyosubiri: kisa cha Efeso

Mwanamke wa miaka 68, mwalimu mstaafu, goti la kulia limeshafanyiwa upasuaji. Kijana wa kaka yake, miaka 29, mwepesi wa miguu na mkono wa birika. Wamepandia meli ya kitalii Piraeus, Ugiriki, mwanzoni mwa Novemba. Ratiba inasema meli itafunga gati Kuşadası, pwani ya magharibi ya Uturuki, saa 1 asubuhi. Abiria wote wawe wamerudi ndani saa 8 mchana, na nusu saa baadaye kamba zinafunguliwa. Wanataka kuiona Efeso, ileile ya Waraka kwa Waefeso, iliyo kama kilomita 20 kutoka gatini. Meli inauza ziara ya kikundi. Waliniuliza: tuinunue, au twende wenyewe?

Jibu linalomjia kila mtu mdomoni ni kwamba mzee mwenye goti bovu, ugenini, anunue ziara ya meli. Mimi nilisema waende wenyewe, na nilisema hivyo kwa sababu ya goti.

Ziara ya meli ina kitu kimoja usichoweza kukipata kwingine: ikichelewa, meli inaisubiri. Hilo si dogo. Lakini kikundi cha watu 40 kinakwenda kwa mwendo wa mwongozo wake. Barabara za Efeso zimetandikwa marumaru iliyosuguliwa na nyayo kwa karne nyingi, inateleza hata ikiwa kavu, na kwa sehemu kubwa huna cha kushikilia. Mwenye goti hutembea macho yako chini. Akiwafikia wenzake, maelezo yameisha na kibendera cha mwongozo kimeshainuliwa kuondoka. Dakika ambazo wengine wanasimama kupumzika, yeye anazitumia kuwafikia. Kwa hiyo katika watu 40, yeye peke yake ndiye asiyepumzika hata mara moja. Halafu ziara nyingi za pwani ile humalizikia kwenye maonyesho ya ufumaji wa mazulia, ambako ghafla muda unapatikana tele.

Kilichotaka kunigeuza ni pasipoti. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Uturuki haimo. Meli ikitoka Ugiriki kwenda Kuşadası, umetoka Schengen. Ikirudi visiwani Ugiriki, unaingia upya. Kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda, safari ya namna hiyo inahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, na hilo linaangaliwa kabla ya kulipia meli, si baada. Kwa upande wa Uturuki, abiria wa meli za kitalii wanaweza kushuka na kutembelea mji wa bandari na mikoa ya jirani bila viza, kwa idhini ya mamlaka za mpakani, kwa muda usiozidi saa 72. Ni msamaha mzuri, ila unautumia kwa kuwa wewe ni abiria wa meli fulani. Sasa meli ikuache. Katika safari nyingi pasipoti za abiria wanaohitaji viza hukaa kwa meli. Mtu asipoonekana, kwa kawaida pasipoti yake huachwa kwa wakala wa meli bandarini. Umtafute wakala, uyaeleze makaratasi yako kaunta baada ya kaunta, kisha ujilipie mwenyewe njia ya kuifuata meli kwenye bandari inayofuata. Mjerumani aliyechelewa amepoteza pesa na usiku mmoja wa usingizi. Sisi tunapoteza hivyo vyote, na maswali ya mpakani juu yake.

Ndiyo maana sikuwaambia wasiende. Niliwaambia wasikubali kurudi bandarini chini ya saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Vitabu vya safari hutaja nusu saa, wengine saa moja. Hivyo viliandikwa na watu wa pasipoti nyingine.

Kutoka hapo mpango ulipangwa kinyumenyume. Mwisho ni saa 8. Kufika gatini, saa 6 na nusu. Njia ya kurudi ni kama nusu saa kwa gari, kwa hiyo kuondoka Efeso ni karibu saa 6 kamili, na afadhali kabla. Kushuka melini asubuhi hakuwi saa 1 kamili, maana kuna ukaguzi na foleni ya ngazi. Tuseme saa 1 na dakika 45. Zinabaki saa nne na ushei, pamoja na njia ya kwenda.

Ya kutaka kuona yalikuwa mengi kuliko hizo saa. Shangazi ni Mkatoliki, na alichokuwa akikiota ni Nyumba ya Mama Maria, kikanisa kidogo cha mawe mlimani juu ya Efeso. Mapokeo yanasema Yohana alimleta Maria akaishi huko. Mahali penyewe palitambuliwa mwaka 1891 kwa kufuata maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich. Kanisa halijatamka kwamba ndipo, lakini Papa Paulo VI alifika mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, Benedikto XVI mwaka 2006, na Waislamu nao huenda kumheshimu Bibi Mariamu. Kijana alitaka makumbusho ya mji wa Selçuk, zilipo sanamu za Artemi, mungu wa kike wa Efeso ya kale, na ile nguzo moja iliyosimamishwa mahali palipokuwa na hekalu lake, lililohesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Tena alikuwa amesikia habari za pango la Watu wa Pangoni, wale vijana wanaosimuliwa kulala pangoni miaka mingi, mojawapo ya sehemu kadhaa zinazodaiwa kuwa ndipo.

Aliyeamua mgogoro huo ni mteremko. Magofu ya Efeso yana malango mawili, la juu na la chini, na barabara kuu inashuka kutoka moja hadi jingine. Mabasi ya ziara hushusha watu juu na kuwasubiri chini. Kijana alitaka waende kwa dolmuş, mabasi madogo ya abiria yanayokwenda Selçuk kwa nauli ndogo. Lakini dolmuş hukuacha kwenye barabara kuu, upande wa lango la chini. Kutoka hapo unatembea robo saa au zaidi kufika langoni, unapanda mji mzima wa kale, kisha unaushuka tena ulikotoka. Kwa kijana ni mazoezi. Kwa goti lile ni kuiua siku kabla ya saa 4.

Teksi inakupeleka lango la juu. Na barabara ya kwenda kwa Mama Maria inapita jirani na lango hilohilo la juu ikiendelea mlimani, kusiko na basi la abiria. Mpango ukajipanga: teksi kutoka gatini hadi mlimani, isubiri, iteremke iwaache lango la juu, washuke kwa miguu, teksi iwachukue lango la chini. Selçuk ikaachwa. Kijana alinuna kidogo, lakini ukitaka mlima na makumbusho ndani ya saa nne, utaviona vyote viwili kupitia kioo cha gari.

Kuhusu teksi nilisisitiza masharti kuliko bei. Bei ipatanwe kwa gari zima, si kwa kichwa. Muda wa kusubiri uwe ndani ya bei. Sehemu za kushushwa na kuchukuliwa zitajwe kwa jina, na saa ya kuchukuliwa iandikwe. Na malipo, isipokuwa kitu kidogo cha kuanzia, yatolewe bandarini mwisho wa safari. Dereva ambaye hajalipwa harudi kwa hisani, anarudi kufuata chake, na hiyo ndiyo bima ambayo ziara ya kujitegemea inaweza kukupa.

Walifuata. Nje ya geti la bandari walipatana na dereva wa makamo, kijana akaandika kwenye karatasi: 11:45, yaani saa 5 na dakika 45, lango la chini. Wakabadilishana namba za simu. Dereva akatazama karatasi, akatikisa kichwa kukubali.

Mlimani walikaa dakika 40. Shangazi aliwasha mshumaa, akanywa maji ya chemchemi, akasema yametosha. Saa 3 na robo walikuwa lango la juu. Tiketi ya mgeni hutajwa kwa euro. Mwaka 2024 ilikuwa 40, na zile nyumba za matajiri zilizo mteremkoni zina tiketi yake ya ziada. Mabasi yalikuwa yamewatangulia, na mbele yao kulikuwa na vibendera vinne vinashindana sauti. Shangazi akaketi kwenye ngazi za ukumbi mdogo wa baraza, karibu na lango, hadi vyote vikapita. Robo saa, labda zaidi. Ukiwa ndani ya kikundi huwezi kufanya hivyo, na kuanzia hapo walitembea Efeso iliyopungua watu, katikati ya wimbi lililopita na linalofuata.

Njia yenyewe haihitaji mwongozo kama unashuka. Unapita uwanja wa serikali, unapita kwenye Lango la Herakles lililobanwa kusudi magari ya kukokotwa yasipite, kisha Barabara ya Wakureti inafunguka mbele yako na chini kabisa, mwisho wa macho, unaona uso wa Maktaba ya Celsus. Celsus alikuwa seneta wa Kirumi. Mwanawe ndiye aliyemjengea, na kaburi la baba liko chini ya jengo. Uso huo wa ghorofa mbili ulikuwa umelala chini vipande vipande hadi wanaakiolojia wa Austria walipousimamisha upya kati ya 1970 na 1978. Kijana aliingia kwenye nyumba za mteremkoni, zenye ngazi nyingi chini ya paa la kisasa, kutazama michoro ya ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi. Shangazi alibaki amekaa mbele ya maktaba, fimbo magotini, akila machungwa.

Aliporudi, kijana akatazama simu: saa 4 na nusu. Wako mbele ya ratiba. Akapendekeza wapumzike zaidi.

“Saa 4 ya wapi, baba?” Shangazi akamwonyesha mkono. Saa yake ya mkononi ilisema 5 na nusu.

“Shangazi, hiyo hukuibadilisha tangu nyumbani.”

“Sikuibadilisha. Na saa ya pale mlangoni kwa walinzi ilikuwa sawa na yangu.”

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na uzito wake. Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016. Mwaka mzima iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, sawasawa na Afrika Mashariki. Ugiriki bado inarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya kiangazi nchi hizo mbili zinalingana na hakuna anayekosea. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi zinaachana kwa saa nzima. Meli ilikuwa imebaki kwenye saa za Ugiriki. Kijana, akikwepa gharama za mtandao wa ugenini, alikuwa ameiacha simu kwenye hali ya ndegeni tangu Piraeus, kwa hiyo ilionyesha saa za meli. Saa ya shangazi, kwa kuachwa tu, ilionyesha saa za Uturuki.

Wote wawili walikuwa sahihi. Asiyekuwa sahihi ni karatasi aliyopewa dereva. Dereva ni mtu wa Kuşadası, na 11:45 kwake ni ya Uturuki, ambayo kwenye simu ya kijana ni saa 4 na dakika 45. Dakika 15 zijazo angekuwa lango la chini, akisubiri watu ambao hawajafika hata kwenye ukumbi mkubwa wa michezo.

Kijana alifungua mtandao. Simu ikatafuta, ikashika, na tarakimu za juu zikaruka saa moja mbele zenyewe. Akatuma ujumbe kwa dereva. Yule bwana alikuwa ameshaegesha. Akakubali kurudi baada ya saa moja kwa nyongeza ndogo, na hakukasirika sana. Nadhani hawakuwa wa kwanza msimu huo.

Tuupime mkasa huu vizuri. Saa iliwakosea upande wa salama: hatari ilikuwa kupoteza gari, si kupoteza meli. Ingekuwa kinyume, yaani meli imehamia saa za Uturuki na simu ya kijana imeganda kwenye za Ugiriki, wangefika gatini saa nzima nyuma ya walivyodhani. Ile saa moja na nusu ya akiba ingemeguka ikabaki nusu saa. Wangepanda, lakini wakitweta. Na aliyejiwekea akiba ya nusu saa tu angekuta maji matupu gatini. Kabla ya kushuka nilikuwa nimewaambia wapige picha ule ubao wa ngazini unaoandikwa muda wa mwisho wa kupanda, na walipiga. Ubao ule unataja saa za meli. Unakusaidia tu ikiwa kwenye mkono wa mtu mmoja kuna saa iliyolinganishwa na saa ya meli ngazini hapohapo, isiyoguswa mpaka kurudi. Na kila unachopatana na mtu wa nchi kavu, unamwonyesha saa yako na kumwambia zimebaki saa ngapi: “baada ya saa tatu na nusu kutoka sasa” haina mkanganyiko wa nchi wala wa meli.

Muda uliokuwa umepatikana wakautumia kwenye ukumbi mkubwa. Unachukua watu wapatao 25,000, umechongwa ubavuni mwa kilima. Shangazi hakupanda hata ngazi moja. Alisimama chini, akamsimulia kijana habari za Demetrio mfua fedha, aliyeona mahubiri ya Paulo yanaharibu soko la vihekalu vya Artemi akauchochea mji, na umati ukajaa humohumo ukipiga kelele muda wa saa mbili hadi karani wa mji alipowatuliza. Kijana alikuwa ameisoma hiyo sura ya Matendo ya Mitume shuleni kwa mtihani. Anasema hakuwahi kufikiri kwamba palikuwa na mahali.

Mbele ya ukumbi inaanza barabara pana ya nguzo iliyokuwa ikielekea bandarini. Ukiifuata kwa macho, mwisho wake ni majani. Mto Küçük Menderes ulijaza tope ghuba yote, na bahari leo iko kilomita kadhaa mbali. Efeso ilikuwa bandari. Meli zingefunga hapo chini ya ukumbi. Zile kilomita 20 za teksi, akiba ya muda, mapatano ya bei, yote hayo yanatokana na tope la mto.

Saa 5 na dakika 45 za meli dereva alikuwa langoni. Njiani alitaja duka la ndugu yake, chai tu, dakika tano. Kijana alianza kujiuma, maana mtu alikuwa amewasubiri mara mbili. Shangazi hakutaka hata kutafsiriwa. “Mwambie chai tutakunywa melini, na pesa yake ni ya gatini.” Gari halikupinda. Saa 6 na dakika 25 walikuwa mbele ya meli, fedha ikahesabiwa, na dereva akamshika shangazi mkono kumvusha ukingo wa barabara.

Kijana mpaka leo anaona teksi ilikuwa ghali. Kwa msafiri wa aina yake, peke yake, namkubalia. Mlima angeuacha. Angetembea kidogo mjini hadi ziliko dolmuş, akamtajia dereva “Efes”, akaingia lango la chini asubuhi wakati mabasi yote yako juu, na kwa saa nzima angekuwa akipanda akikutana na wateremkaji wachache. Angeshuka, akaendelea Selçuk kwenye makumbusho na nguzo ya Artemi, na dolmuş ya kurudi angeipandia hukohuko kituoni inakoanzia, jambo lililo bora kuliko kuisimamisha barabarani ikiwa imejaa. Ningembana kwenye mambo mawili tu: asifanye hivyo Agosti, kwa sababu kivuli ni haba na marumaru inarudisha joto usoni, na saa 5 na dakika 45 za meli awe kituoni Selçuk, si makumbusho. Kama dakika 20 zimepita na hakuna gari lenye nafasi, achukue teksi bila kuuliza bei mara mbili.